Mkono wa Babu na Nyama ya Hitima

"Mjukuu, shika hapa, chini ya kiwiko. Usivute. Wewe shika tu."

Mzee mwoshaji aliyasema hayo bila kuniangalia. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wa kulia wa Babu, uliokunjwa kiwikoni, kiganja kikielekea shavuni. Babu alilala usiku ule kama alivyolala miaka yote niliyomjua: ubavu wa kulia, kiganja chini ya shavu. Alfajiri Bibi akamwamsha kwa sala, hakuitika. Tulipomweka kwenye kitanda cha kuoshea ilikuwa inakaribia saa tatu asubuhi, na mkono ule haukutaka kunyooka.

Mzee akamimina maji ya uvuguvugu yenye majani ya mkunazi, akausugua mkono kuanzia begani, polepole, kama anayekanda unga. Akaukunja kidogo zaidi, akaunyoosha kidogo. Tena. Tena. Chini ya vidole vyangu msuli ulikuwa mgumu kama gongo la mkwaju. Kisha kitu kikaachia, na mkono ukashuka taratibu ukalala ubavuni.

Nyuma ya pazia mtu wa ukoo alinong'ona, na sote tukasikia: "Alikuwa anamsubiri mwanawe."

Mwanawe huyo ni Ami yangu mdogo, anayeishi Muscat. Alifika Tanga siku ya pili, tumeshazika. Maneno yale yalimpokea kabla hajatua begi.

Ndiyo yaliyonikosesha raha wiki zote hizi.

Nyama iliyocheza

Siku ya tatu tukasoma hitima. Ng'ombe alichinjwa baada ya sala ya alfajiri, uani, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliochuna na kukata. Pande la paja nililoliweka juu ya majani ya mgomba likaanza kutetemeka. Si kwamba lilitikiswa na kitu. Nyuzi zenyewe zilijikunja na kujikunjua, hapa kidogo, pale kidogo, kama ngozi ya farasi inapotua nzi.

"Mjomba, mbona inacheza? Si ameshakufa?" Mtoto wa dada yangu, miaka 7, amechuchumaa kando yangu.

Mpishi wa pilau alijibu kabla yangu. "Ina uhai bado. Hiyo iingie sufuriani sasa hivi. Mkiiacha mpaka mchana itakaza, na ikishakaza, basi muiache mpaka kesho."

Iliyoingia sufuriani mapema ililika vizuri. Paja moja liliachwa kwa ajili ya wageni waliokuwa njiani kutoka Korogwe, likapikwa alasiri. Lilichemshwa kwa muda uleule na kuni zilezile. Wageni walitafuna mpaka wakaona haya.

Nikawa na vitu viwili kichwani. Nyama laini asubuhi, ngumu alasiri. Mkono laini usiku, mgumu asubuhi.

Nilijionea vibaya kuviweka pamoja. Babu si nyama. Huyu ndiye aliyenifundisha kuogelea kwa kunishika tumbo. Nilikaa na wazo hilo siku nyingi bila kumwambia mtu, na kila nilipolifukuza lilirudi na lile neno la nyuma ya pazia.

Nilichokuwa nikiandika ubaoni

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Kwa miaka 11 nimeifundisha mada ya mjongeo kidato cha tatu, na kila mwaka nimeandika ubaoni sentensi ileile: msuli hutumia nishati kukaza, nishati ikikoma hulegea. Wanafunzi wamenakili, wamekariri, wamefaulu.

Sasa, kama sentensi ile ni kweli, maiti ingekuwa kitu laini kuliko vyote. Pumzi hakuna, damu haitembei, nishati itoke wapi? Ilipaswa mkono wa Babu uwe kama kanga iliyolowa.

Haukuwa hivyo. Niliushika mwenyewe.

Jibu langu la kwanza lilikuwa baridi. Nilidhani mwili unapopoa, vilivyomo ndani hugandamana kama samli asubuhi ya Lushoto. Jibu hilo halikudumu. Nyumba yetu ya Tanga usiku ule ilikuwa na joto la kumtoa mtu jasho amelala. Na nilipofungua vitabu nikakuta kinyume kabisa: joto huharakisha kukakamaa kwa maiti, baridi huchelewesha. Samli haifanyi hivyo.

Baadaye nilipata faraja kidogo kujua kwamba kosa langu lina wazee wake. Wilhelm Kühne, Mjerumani aliyekamua misuli ya chura na mwaka 1864 akakipa jina la mayosini kitu alichokipata humo, naye aliamini kwamba maiti hukakamaa kwa sababu mayosini huganda, kama damu inavyoganda. Ilichukua karibu miaka 80 kupata maelezo mengine.

Henza

Babu alikuwa baharia wa majahazi kabla magoti hayajamshinda. Alitusimulia jinsi wanaume walivyopanga mstari kwenye henza, ile kamba ya kupandishia foromali, wakavuta kwa wimbo. Nilipokuwa mdogo aliniona navuta ndoo kisimani, mikono yote miwili imeng'ang'ania kamba mahali pamoja, mwili wote unalala nyuma, ndoo haipandi. Akanigonga kidole cha mkono wa chini: "Huo uachie. Uachie, uupeleke mbele. Ndoo haipandi kwa kushika."

Kila nikisoma juu ya protini za msuli naisikia sauti hiyo.

Uzi mmoja wa msuli umegawanyika ndani katika vyumba vidogo vilivyofuatana, karibu 500 katika milimita moja. Ndani ya kila chumba kuna nyuzi nyembamba za aktini na nyuzi nene za mayosini, zimepishana kama vidole vya mikono miwili iliyoingiliana. Uzi mmoja mnene wa mayosini ni mkusanyiko wa molekuli 300 hivi, na kila molekuli ina vichwa viwili vilivyochomoza pembeni. Vichwa hivyo ndivyo mabaharia. Aktini ndiyo kamba.

Kichwa kinashika aktini, kinapinda, kinaivuta kwa nanomita 10 au pungufu, na nanomita ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Halafu lazima kiachie, kirudi nyuma, kishike mbele zaidi. Chumba kinafupika si kwa sababu nyuzi zimesinyaa, bali kwa sababu zimeteleza na kupishana zaidi.

Hapa ndipo niliposimama na kusoma mara tatu.

ATP, ile nishati niliyokuwa nikiichorea mshale wa kwenda kwenye neno "kukaza", ikifika kwenye kichwa cha mayosini kazi yake ya kwanza ni kukifanya kiachie. Ikishakaa pale, kichwa kinaachia aktini. Baada ya hapo ndipo ATP inavunjwa, kichwa kinategwa upya kama upinde, kinashika mbele na kuvuta. Kisipopata ATP nyingine, kinabaki pale kilipo, kimeshika.

Maiti haikazi. Maiti haiwezi kuachia.

Moyo unaposimama msuli haufi saa ileile. Una akiba yake ya glaikojeni, yaani sukari iliyowekwa ndani ya msuli, unaendelea kuichoma bila oksijeni, na ATP inaendelea kupatikana kidogo kidogo. Ndiyo maana paja lilicheza juu ya majani ya mgomba: mabaharia walikuwa bado na posho. Lakini kuchoma bila oksijeni huleta asidi ya laktiki, na hakuna damu ya kuiondoa. Katika ng'ombe mwenye afya, pH ya nyama, kipimo cha uchachu ambacho hushuka uchachu unapozidi, hushuka kutoka kama 7 mpaka karibu 5.5. Glaikojeni inakwisha, ATP inakwisha, kalsiamu iliyokuwa imefungiwa inavuja na kuruhusu vichwa vishike. Vinashika, kimoja baada ya kingine, na hakuna cha kuviachisha.

Katika binadamu dalili huonekana kwanza kwenye misuli midogo, kope na taya, baada ya saa 2 hadi 4 hivi. Baada ya kama saa 12 mwili mzima umeshika. Katika joto la kwetu huwa mapema zaidi.

Nilipofika hapo nikakifunga kitabu nikakaa.

Kwa sababu sisi watu wa pwani tumefundishwa tangu zamani, katika adabu za madhehebu yetu ya Shafii, kwamba mtu akikata roho afumbwe macho, afungwe taya kwa kitambaa, na viungo vyake vilainishwe, mara moja, kabla ya jambo jingine. Macho, taya, viungo. Nimeyasikia darasani kwa maalimu tangu sijabalehe, nikadhani ni heshima tu. Ni heshima, na ni heshima iliyoujua mwili. Aliyefuata adabu hiyo kwa wakati wake alikuwa akifanya kazi ndani ya zile saa chache ambazo ATP bado ipo.

Kwa Babu hapakuwa na mtu macho saa hiyo. Bibi alikuwa kando yake, amelala.

Waliotangulia

Sitawachosha na historia yote, ila kuna kipande kinanigusa. Mwaka 1939 Warusi wawili, Engelhardt na Lyubimova, walionyesha kwamba mayosini yenyewe ndiyo inayovunja ATP. Vita vikaanza. Katika mji wa Szeged, Hungaria, Albert Szent-Györgyi, ambaye tayari alikuwa na Nobeli ya mwaka 1937, akaligeukia suala hili pamoja na Ilona Banga na kijana aitwaye Straub. Straub ndiye aliyeitenga aktini. Walitengeneza vijiuzi vya aktini na mayosini ndani ya chombo cha maabara, wakaongeza ATP, na vijiuzi vikafupika mbele ya macho yao. Hakukuwa na mnyama tena pale, hakukuwa na neva, protini mbili tu na mjongeo.

Kwenye maabara hiyohiyo mtafiti Erdös aliunganisha kukakamaa kwa maiti na kupotea kwa ATP. Mwaka 1947 Bate-Smith na Bendall wa Cambridge walilithibitisha kwa misuli ya sungura: ATP ikishuka, msuli unapoteza mnyumbuko wake. Na hawa wa Cambridge walikuwa watu wa kituo cha utafiti wa chakula. Walikuwa wakitafuta siri ya nyama. Ndiyo wakagusa taya la marehemu.

Kwa hiyo si mimi wa kwanza kuviweka pamoja. Nilipojua hivyo aibu ilipungua.

Mwaka 1954, katika toleo moja la jarida la Nature, makala mbili zilieleza nyuzi zinavyoteleza: moja ya Andrew Huxley na Niedergerke, nyingine ya Hugh Huxley na Jean Hanson. Hao akina Huxley wawili hawakuwa ndugu. Nimewasimulia wanafunzi wangu kisa hicho miaka yote. Kumbe nilikuwa nawasimulia nusu.

Friza ya Idd

Hapa naomba msinipite haraka, maana hili ni la jikoni kwetu.

New Zealand waliuza kondoo wengi Uingereza, nyama ikigandishwa na kupakiwa melini. Kadiri mashine za baridi zilivyopata nguvu na nyama kugandishwa mapema, ndivyo walaji walivyolalamika kuwa ni ngumu. Mwaka 1963 Locker na Hagyard, watafiti wa huko, walieleza sababu. Msuli uliotoka kuchinjwa, wenye ATP bado, ukipozwa haraka chini ya nyuzi 10 hivi, pampu zinazoifungia kalsiamu hushindwa kazi. Kalsiamu inamwagika, vichwa vinashika na kuvuta kwa nguvu zilizobaki, msuli unafupika sana. Kisha posho inakwisha, unafungwa hivyohivyo, mfupi. Ukiupika unatafuna kamba.

Dawa waliyoipata ni subira: nyama ikae kwanza mpaka imalize kushika, ndipo ipelekwe kwenye baridi kali. Baadaye wakatumia umeme kuupitishia mzoga, ili glaikojeni iishe mapema.

Sasa fikiria Idd el-Hajj kwetu. Mbuzi anachinjwa baada ya sala, saa nne nyama imeshakatwa vipande vidogo, imetiwa mifukoni, imesukumwa kwenye friza ikiwa bado vuguvugu. Vipande vyembamba vilivyotenganishwa na mfupa havina kinachovizuia kufupika. Vikiwahi kuganda na ATP ndani, basi siku ya kuyeyusha hujikunja na kutoa maji mengi mekundu. Maji yale si damu, ni maji ya nyama yaliyobeba mayoglobini, protini ya kuhifadhi oksijeni ndani ya msuli. Halafu mama analaumiwa kwamba hajui kupika.

Bibi huitandaza nyama kwenye ungo, mahali penye upepo, akaifunika kwa chandarua, na haitii kwenye friji mpaka jioni. Kwa usalama nisingependa ikae muda mrefu hivyo katika joto letu, nami nimemwambia. Lakini sababu yake, "iache ipumzike kwanza", ni sababu ya wale wa New Zealand.

Kikaachia?

Juu kule niliandika kwamba mkono wa Babu ulipoendelea kusuguliwa "kitu kikaachia". Nimeliacha neno hilo makusudi, kwa sababu ndivyo nilivyohisi vidoleni. Lakini si sahihi, na kuligundua hilo kulinisumbua kuliko yote.

Vile vichwa haviachii. Hakuna ATP mpya itakayokuja. Nyama iliyolala siku mbili tatu mahali pa baridi hulainika, na maiti nayo hulegea baada ya siku moja au mbili, lakini si kwa sababu mayosini imeachia aktini. Kinachotokea ni kwamba vimeng'enya viitwavyo kalpaini, vinavyoamshwa na kalsiamu ileile iliyovuja, vinakata mihimili inayoshikilia vyumba. Vinakata desmini. Vinakata titini, protini kubwa kuliko zote zinazojulikana mwilini mwetu, yenye asidi amino zaidi ya 30,000, ambayo uzi wake mmoja hutoka ukutani mwa chumba mpaka katikati. Mabaharia wanabaki wameshika kamba, lakini jahazi lenyewe limefumuka.

Ng'ombe wetu wa nundu wana kalpastatini nyingi kuliko ng'ombe wa Ulaya, na kalpastatini ni kizuizi cha kalpaini. Ndiyo sababu mojawapo nyama yao huchelewa kulainika, tukiacha umri na kolajeni, ile protini ngumu ya kano na utando wa nyama. Na papai bichi tunalopaka mishkaki lina papaini, kimeng'enya kinachofanya ukataji kama ule bila kungoja siku tatu.

Na kiwiko cha Babu? Mzee mwoshaji, kwa maji na subira, alizikatisha nyuzi zilizokwisha kushika. Si zote, za kutosha tu mkono kulala. Nililala macho usiku mmoja nikiwaza neno hilo, kukatisha. Nikaenda kwake siku ya Ijumaa nikamweleza, nikitaraji atashtuka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndiyo maana nakwambia usivute. Ukivuta, unavunja. Ukisugua, unamsaidia."

Simu ya Muscat

Jambo moja katika haya yote nilikuwa na haja nalo kuliko mengine. Kukakamaa hakuupeleki mwili popote. Hakumkunji mtu mkono wala hakumgeuzi uso. Kunaufunga mwili katika mkao ulioukuta. Mkono wa Babu ulikunjwa na usingizi wake, kwenye mkao aliolalia tangu ujana, na saa zilizopita bila mtu kujua ndizo zilizoufunga. Hakuna aliyekuwa akisubiriwa.

Jana usiku nikampigia Ami. Nilikuwa nimejiandaa kama ninayekwenda kukaguliwa darasani, na nilipoanza nikajikuta naeleza kisima, kamba na ndoo. Alikuwa kimya muda mrefu hata nikadhani mtandao umekatika.

"Kwa hiyo alilala vile vile," akasema. "Kiganja shavuni."

"Vile vile, Ami."

"Na mzee alipomnyoosha. Mkono ulirudi kukunja?"

"Haukurudi."

Nikamsikia akivuta pumzi. Kisha akaniuliza Bibi amekula nini usiku.